Wanne Walioliokoa Neno Ukili

Hapo zamani, na msinikodolee macho, kwa maana zamani yangu mimi si ya mababu, ni hii ya juzi, watu tayari wana maduka ndani ya simu, hapo Ngamiani mjini Tanga aliishi mwanamke akiitwa Mwajabu Shekue. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele, mlango wake unatazama Barabara ya Tisa, na ndani ya chumba hicho ni mikoba tu: mikoba ya begani, mikoba ya sokoni, mikoba midogo ya bibi harusi. Yote ya ukili.

Ukili mnaujua. Miyaa, majani yale ya kusukia, inachanwa, inaanikwa, inatiwa rangi, kisha inasukwa utepe mrefu kama mkanda. Utepe ule unashonwa kwa kuzungushwa mpaka uwe kikapu, au kofia, au mkeka. Utepe huo ndio ukili, na mtoto wa Tanga hulijua jina hilo kabla hajamjua mwalimu wake.

Mwajabu hakuwa msukaji. Wasukaji walikuwa wanawake wa Kwamkindu, kijiji cha upande wa Pangani. Yeye alichukua kazi yao, akaitia bitana na mikanda ya ngozi, akaipiga picha ukutani penye mwanga wa asubuhi, akaiweka mtandaoni na maneno yale yale kila siku: "Mkoba wa ukili, umesukwa Kwamkindu." Mteja wa Mwanza akaagiza. Mteja wa Mbeya akaagiza. Miaka sita akaujenga ukurasa ule, picha kwa picha, mpaka wakawa wanamjua kwa jina watu asiowajua kwa sura.

Jumatano moja mchana akaletewa barua. Bahasha nene, muhuri mwekundu. Mwajabu akaisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

Barua ilisema hivi: neno Ukili ni alama ya biashara ya Kampuni ya Jaspa na Wenzake. Ndani ya siku saba uache kulitumia kwenye bidhaa, kwenye matangazo, na kwenye mazungumzo yoyote ya biashara. Utie saini hati ya kukiri kosa. Ulipe fidia. Usipofanya hivyo, tutaonana mahakamani.

"Kwenye mazungumzo," Mwajabu akasema peke yake. "Sasa mtu akija hapa akiniuliza hiki ni nini, nimwambie nini?"

Kabla wiki haijaisha, barua za kampuni zilikuwa zimefika kwenye maduka kumi na moja. Wenye maduka wakaulizana kwenye kundi lao la simu, kwanza kwa hasira, halafu kwa woga, halafu kundi likanyamaza. Mmoja akatia saini. Wa pili akatia saini. Wa tatu akatia saini. Ukifungua kurasa zao unakuta maneno mapya: "mkoba wa majani yaliyosukwa," "kikapu cha utepe wa asili." Mteja anauliza, "Huu si ukili?" Mwenye duka anaona swali, anaogopa hata kujibu ndiyo.

Miongoni mwa waliotia saini alikuwa Hoza Mbelwa, muuza kofia, mtu mrefu mpole, sauti yake huisikii mpaka uinamishe kichwa. Yeye alitia saini siku ile ile aliyopokea barua. Alimkuta Mwajabu njiani akamwambia bila kuulizwa, "Dada, mimi nina watoto wanne na mama mgonjwa. Mahakama siiwezi."

Mwajabu hakumlaumu. Akarudi nyumbani, akachukua kalamu, akawajibu wale wa kampuni kwa mkono wake: "Nimepokea barua yenu. Neno ukili nimelikuta nilipozaliwa na nitaliacha nitakapokufa. Kama ni mali yenu, nionyesheni cheti. Mpaka nikione, saini yangu hamuipati."

Cheti hakikuja. Siku ya tatu Mwajabu akafungua simu, akatafuta ukurasa wake, hakuuona. Akazima simu, akawasha, hakuuona. Kampuni ilikuwa imewalalamikia wenye mtandao, na wenye mtandao wakaufunga mpaka ugomvi uishe. Miaka sita, picha zote, majina yote ya wateja. Jamaa, mtu akibomoa nyumba yako angalau anakuachia matofali. Mwajabu hakuachiwa kitu. Akaingia chumba cha ndani, akalia mpaka kope zikavimba. Kisha akanawa uso, akatoa kopo la rangi nyeusi, akatoka nje, akaandika kwenye ukuta wa nyumba yake, herufi kubwa kama mkono wa mtu mzima: HAPA PANAUZWA UKILI.

Wakili wa kampuni akapiga simu. "Bibi, unajitafutia matatizo."

"Cheti," Mwajabu akasema.

"Tutakushtaki."

"Cheti."

"Utafunga hilo duka ukiwa huna hata kiti cha kukalia."

"Ndugu wakili," Mwajabu akasema, "wewe ni wakili, mimi ni wa ukili, tumeachana kwa herufi moja tu. Lete cheti."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini alipokata simu aliingia ndani akahesabu fedha zilizobaki, akazihesabu tena. Wateja wa mbali walikuwa wameshampotea. Mikoba ikamlundikia mpaka dirishani. Kwamkindu nako kukapoa, maana naye hakuwa tena na la kuwaagiza. Hata hivyo kila asubuhi alifungua mlango, akapanga mikoba barazani chini ya yale maandishi, na kila aliyepita akiuliza hiki ni nini, akamjibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara: "Ukili!"

Ikapita miezi miwili hivyo. Ndipo alipokuja Nasra.

Nasra Kaniki naye aliuza mikoba, Barabara ya Kumi na Mbili, na yeye na Mwajabu walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili sasa. Chanzo kilikuwa picha. Nasra alichukua picha ya Mwajabu akaiweka kwenye ukurasa wake kana kwamba ni yake. Mwajabu akamsema mbele za watu. Nasra akamrudishia maneno mabaya zaidi. Basi siku hiyo Mwajabu akasikia hodi, akatoka, akamwona Nasra mlangoni, mimba ya miezi minane imetangulia mbele, karatasi mkononi.

"Usinifungie," Nasra akasema. "Soma kwanza."

Barua ya Nasra haikuwa kama za wenzake. Kampuni ilimwomba awe wakala wake Tanga nzima. Wengine wote watafungwa midomo, yeye peke yake auze.

Mwajabu akamrudishia karatasi. "Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuuliza. Mtu mwenye cheti mkononi atakuja kunibembeleza mimi?"

Wakatazamana. Mwajabu akasogea pembeni ya mlango. "Pita ukae. Hilo tumbo si la kusimama nalo."

Wakakaa, wakazisoma barua zote mbili neno kwa neno. Zote zilisema alama imesajiliwa. Hakuna hata moja iliyotaja namba ya usajili. Bila namba, ofisini utauliza nini? Wakadokezwa mtaani kuwa namba ipo kwenye ile hati ya kukiri kosa, nakala anayopewa mtu akishatia saini. Wakawaendea waliotia saini, nyumba kwa nyumba. Wa kwanza akasema hajui alikoiweka. Wa pili akasema mumewe kaifungia. Wa tatu akawasema dirishani, mlango hakufungua. Hati yenyewe ilikuwa na kifungu kinachosema atakayeionyesha kwa mtu atalipa fidia mara kumi.

Kwa Hoza hawakwenda. Walimwona ni mwoga kupita wote.

Hoza akaja mwenyewe. Aliingia na kofia mkononi, na ndani ya kofia kulikuwa na bahasha. Akaiweka mezani.

"Humu imeandikwa nisimwonyeshe mtu," akasema.

"Basi mbona unatuonyesha?" Nasra akauliza.

Hoza akaitazama ile kofia. "Jana mteja alipiga simu. Nikamwambia nina kofia nzuri za majani. Mama alikuwa kitandani anasikiliza. Akaniuliza, Hoza, umesahau lugha?" Akaisukuma bahasha mbele. "Wakijua, wataipiga mnada nyumba yangu. Lakini chukueni."

Namba ilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa tatu, herufi ndogo za kutafuta kwa kidole.

Sasa nani aende Dar es Salaam, kwenye ofisi ya usajili? Mwajabu akasema yeye. Nasra akakataa. "Wewe ukifunga mlango siku mbili watatangaza umesalimu amri. Mlango wako ndio pekee uliobaki wazi. Naenda mimi."

"Na hilo tumbo?"

"Tumbo litakwenda na mimi."

Akapanda basi. Siku ya kwanza akaambiwa mhusika hayupo, arudi kesho. Siku ya pili akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, miguu imemvimba, akivua kiatu kimoja, akivaa, akivua kingine. Alasiri wakaifungua ile namba. Nasra akasoma, akaomba wamsomee tena, akampigia Mwajabu simu.

"Mwajabu, ni mafuta ya nywele!"

"Nini mafuta ya nywele?"

"Hiyo namba! Wamesajili jina Ukili kwa mafuta ya nywele. Vikapu havimo, mikoba haimo, kofia hazimo. Lakini sikiliza, usishangilie. Wameomba sasa hivi wapewe na kwa vikapu. Ombi limetangazwa, na mwenye pingamizi alete. Zimebaki siku nne. Zikipita kimya, wanapewa. Na zile hati zote zilizotiwa saini ndizo ushahidi wao, kwamba wafanyabiashara wenyewe wamekiri neno si letu."

Ndipo Mwajabu alipoelewa kwa nini walihitaji saini yake kwa udi na uvumba. Katika maduka yote kumi na moja, waliotia saini walikuwa tisa. Aliyebembelezwa alikuwa Nasra. Aliyekataa alikuwa mmoja. Pingamizi likaandikwa kwa jina lake, Mwajabu Shekue. Hati ya Hoza ikaambatanishwa. Bahasha ikapakiwa kwenye basi la alfajiri. Nasra akaipokea kituoni, akaifikisha ofisini siku ya mwisho, akagongewa muhuri kwenye nakala yake. Kesho yake akaanza safari ya kurudi, na basi lilipofika Mkata uchungu ukamshika. Abiria wakamteremsha, wakamfikisha zahanati. Akajifungua mtoto wa kike, mwenye afya, na mama akiwa bado ameshika ile nakala yenye muhuri.

Pande zote mbili zikaitwa. Msajili, mwanamama wa makamo mwenye miwani, alikaa mbele. Upande mmoja alikaa Bwana Jaspa, suti ya kijivu, na wakili wake. Upande wa pili Mwajabu, Hoza, na mwanamke mmoja mzee wa Kwamkindu aitwaye Bi Siwatu, aliyekuja kutoa ushahidi.

Wakili akasema vizuri, tusimnyime haki yake. Alisema neno ukili lilikuwa limesahaulika, ni mteja wake aliyelifufua kwa matangazo, na kwamba wafanyabiashara tisa wamekiri hivyo kwa saini zao. Hoza akasimama. Akaulizwa kama saini ile ni yake. Akasema ni yake. Akaulizwa kwa nini alikiri. "Niliogopa," akasema, na safari hii watu wote walimsikia. "Nilikiri nisichokiamini, na wenzangu nao wamefanya hivyo hivyo."

Zamu ya Bi Siwatu ilipofika, alisimama na kazi mkononi, utepe uliosukwa nusu unaning'inia kwenye kanga yake, na vidole havikuacha kusuka.

"Mniwie radhi," akasema, "mikono hii haijazoea kukaa bure. Mwanangu msajili, naomba nimuulize huyu bwana jambo moja."

"Uliza, mama."

"Bwana Jaspa, hiki nilichoshika ni nini?"

Bwana Jaspa akamtazama wakili wake. "Ni utepe."

"Mwaka jana ulikuja kwangu Kwamkindu. Ulikaa mkekani kwangu, ukanywa chai yangu. Uliniagiza kazi. Uliniagiza nini?"

Bwana Jaspa akamgeukia tena wakili wake.

"Jibu swali," msajili akasema.

"Nilimwambia anisukie pima mia mbili."

"Pima mia mbili za nini, baba?"

Bwana Jaspa akainamisha macho. "Za ukili."

"Na neno hilo ulifundishwa na nani?"

"Nililikuta kwao," akasema, na hakuna aliyemlazimisha zaidi.

Bi Siwatu akakaa, akaendelea kusuka. Nanyi mjue jambo hili: Bwana Jaspa ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa Kwamkindu. Agizo lake la msimu mzima lilikuwa halijakamilika, na Bi Siwatu alijua tangu anatoka nyumbani kwamba akifungua mdomo limekufa. Likafa kweli.

Lakini ombi la kampuni nalo likakataliwa. Hati tisa zikatamkwa hazina nguvu. Ukurasa wa Mwajabu ukarudi na picha zake zote, na siku ya kwanza tu akajibu meseji mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Maduka yote yakarudi kuandika ukili, na maagizo yakarudi Kwamkindu, kidogo kidogo, halafu kwa wingi.

Wanawake wa Kwamkindu wakakaa kikao. Wakasema, hili haliishi kwa asante ya mdomo. Wakachagua miyaa iliyo laini kuliko yote, wakaitia rangi ya zambarau, nyekundu na kijani, wakasuka miezi mitano mkeka ambao Kwamkindu haijapata kutoa wa mfano wake. Ukiulaza sakafuni unaogopa kuukanyaga. Na katikati yake wakasuka maandishi, kama wanavyojua wao: UKILI NI WETU SOTE. AMETURUDISHIA. Baada ya neno hilo wakaacha ukili mmoja haujasukwa, nafasi ya jina la mtu mmoja. Mkeka ni mmoja, nao haukatwi.

Wakawaita wote wanne. Chausiku, msemaji wa wasukaji, akaukunjua mbele yao.

"Jina moja," Chausiku akasema. "Tumeshindwa kuchagua. Semeni wenyewe."

Mwajabu aliutaka ule mkeka. Aliutaka mpaka akajionea haya, lakini aliutaka. "Nitasema kweli," akasema. "Wote walipotia saini, mimi nilikataa. Nilivunjiwa ukurasa wangu nikakataa. Nilikaa barazani miezi miwili nikilitaja neno peke yangu. Kama ningetia saini, pingamizi lingekuwa na jina la nani?"

Nasra, mtoto begani, hakuona haya hata kidogo. "Na kama nisingetilia shaka barua yangu, ungekuwa bado unaomba cheti. Mimi sikutishwa, mimi niliahidiwa. Nilipewa Tanga nzima nikaikataa. Nilikaa kwenye lile benchi na miguu hii. Mwanangu nilimzaa njiani. Mtu hawezi kutoa zaidi ya hapo."

Hoza akataka kurudi nyuma. "Msinihesabu. Mimi niliogopa."

"Wewe nyamaza, mwanangu, nikusemee," Bi Siwatu akasema. "Hawa wawili walizaliwa na ujasiri. Mwajabu hajui kuogopa ni nini."

"Woga naujua sana," Mwajabu akasema polepole.

"Basi nisamehe. Lakini huyu aliogopa mpaka akaanguka, kisha akainuka akiwa na nyumba ya kupoteza, watoto wanne na mama kitandani. Bila namba yake mngekwenda ofisini kuuliza nini? Na nani mwingine kati ya wale tisa aliyesimama mbele ya watu akasema niliogopa?"

Hapo wasichana wa Kwamkindu wakapiga kelele. "Na wewe je, Bi Siwatu? Karatasi zote zile zilikuwa zinabishana. Ni wewe uliyemfanya Bwana Jaspa mwenyewe alitaje neno kwa kinywa chake! Na ulilitupa agizo la msimu mzima, ukijua!"

"Mimi niliuliza tu maswali," bibi akasema.

"Wenzio walikuwa na wiki nyingi za kuuliza, mbona hawakuuliza?"

Wakabishana mpaka adhuhuri. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Kila aliyetetewa alitetewa kwa haki, na kila aliposifiwa mmoja, wengine watatu waliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, kisha wakarudi kule kule. Mwajabu mwenyewe aliisikiliza hoja ya Nasra akaona ameshindwa. Akaisikiliza ya Hoza akaona Nasra naye ameshindwa. Akamtazama bibi yule anayesuka, akaona Hoza naye ameshindwa. Na hata hivyo, moyoni, bado aliutaka.

Mpaka leo mkeka umelala nyumbani kwa Chausiku, umefunikwa shuka. Miyaa ya jina imeshatiwa rangi nyeusi, imelowekwa kwenye bakuli la maji ipate kulainika, na msukaji amekaa tayari, anasubiri aambiwe herufi ya kwanza.

Yeye hajui. Mimi niliyewasimulia nimejaribu mara nyingi, nami nimeshindwa. Nyinyi mliosikia yote: Mwajabu aliyekataa, Nasra aliyesafiri, Hoza aliyeanguka akainuka, Bi Siwatu aliyeuliza. Je, ni yupi aliyestahili, na jina la nani lisukwe?